KARIBU HUANZIA KIZINGITINI
Historia ya daka, baraza na tekani, na funzo lake kwa vijumba vyetu vya leo



Nianze na aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani nimekuja kukuhutubia. Ilikuwa Ramadhan, yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Tulikuwa tukiishi fleti ya vyumba viwili hapa Mombasa, ghorofa ya tatu. Bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, alipanda ngazi zote zile na swaumu yake, mkononi sahani ya kaimati imefunikwa kawa. Akabisha hodi. Nikaenda kufungua, na mlango ukafunguka nusu tu. Nyuma yake kulikuwa na mtungi wa gesi wa akiba, baiskeli ya mdogo wangu, ndoo mbili za maji, na viatu vya watu saba vimerundikana kama vya msikitini siku ya Ijumaa.

Bibi akatafuta pa kushika ili avue makubadhi yake. Hapakuwa. Akatafuta pa kukaa apumue. Hapakuwa. Na nyuma yangu, moja kwa moja, dada zangu walikuwa sebuleni bila mitandio, huku kijana wa jirani anashuka ngazi wakati uo huo. Ikawa kelele ndani: "Funga mlango! We, funga mlango!"

Bibi akanikabidhi sahani yake. Akasema taratibu, "Mwanangu, nyumba yenu ina mlango lakini haina karibu." Akashuka zake. Ramadhan ile hakupanda tena. Futari yake tukawa tunampelekea sisi.

Neno lile lilinikaa. Nikachukua futi nikapima pale mlangoni petu: hatua mbili kwa tatu, basi. Nikajitetea moyoni kwamba mahali ni padogo, nifanyeje? Halafu nikakumbuka nyumba ya Lamu alikozaliwa bibi, ambayo nilipelekwa nikiwa mtoto. Pale mlangoni pake hapakuwa pakubwa kuliko petu! Lakini wazee wanne walikuwa wakikaa pale, wakinywa kahawa, watoto wakipita, wanawake ndani wakiwa na sitara yao, na hakuna aliyemkanyaga mwenziwe. Sasa wao walijua nini ambacho sisi tumekisahau?

Hebu twende pamoja tukaitazame historia hiyo, kisha turudi mlangoni kwako.

MLANGO WA MSIKITI, MOMBASA, 1331

Msafiri mashuhuri kutoka Tangier, Ibn Battuta, alipita pwani yetu mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake kuelekea Kilwa. Lakini katika usiku huo mmoja aliona jambo ambalo mimi na wewe tungelipita bila kuligeukia. Aliona namna watu wa Mombasa walivyoingia msikitini.

Anaeleza kwamba misikiti ya hapa ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri, na penye milango yake palikuwa na visima vifupi vya maji pamoja na chombo cha kutekea. Pale kisimani ardhi ilikuwa imesawazishwa. Watu walikuwa wakitembea miguu mitupu, kwa hivyo mwenye kutaka kuingia aliosha miguu kwanza, na mlangoni palikuwa na kipande cha mkeka mnene cha kusugulia nyayo.

Zingatia, ndugu msomaji. Ni takriban miaka 700 iliyopita, na wazee wetu walikuwa wameshapanga mlango kwa utaratibu: maji, kisha mkeka, ndipo ndani. Hapakuwa na pambo la dhahabu. Palikuwa na mahali palipofikiriwa. Na desturi hiyo haikufa. Ukienda kwenye misikiti ya kale ya pwani, hata ile iliyobaki magofu, utaona birika la udhu karibu na mlango, na mara nyingi mawe ya matumbawe yaliyopachikwa chini kwa ajili ya kusugulia miguu.

BARAZA ZILIZOMSHANGAZA MGENI, 1505

Shahidi wa pili hakuja kwa heri. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliushambulia mji wa Mombasa, wakaupora na kuutia moto. Maelezo ya shambulio hilo yaliyotufikia, ambayo huhusishwa na Mjerumani Hans Mayr aliyekuwa katika safari hiyo, yanataja jambo moja kuhusu njia za mji. Anasema zilikuwa nyembamba hata ikawa tabu watu wawili kupita sambamba, na kwamba nyumba zilikuwa na viti vya mawe mbele yake, vilivyozidi kuifanya njia iwe nyembamba.

Viti hivyo vya mawe ndivyo baraza! Kwa mvamizi mwenye upanga, baraza ilikuwa kikwazo njiani. Kwa mwenyeji, ilikuwa ndio heshima ya nyumba. Fikiria: mji una njia za kubanana, ardhi ni adimu, na bado kila mwenye nyumba amekubali kuitoa sehemu ya ukuta wake ili mpita njia apate pa kukaa. Watu hao hawakuwa na nafasi kutuzidi sisi, ila waliigawa kwa mpango mwingine.

Na neno lenyewe limesafiri mbali. Leo tunasema baraza la mawaziri, baraza la wazee, baraza la chifu, baraza la Idd. Yote yametokana na watu kukaa pamoja na kuzungumza mambo yao.

TUINGIE NYUMBA YA LAMU

Sasa tufike Lamu, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba za mawe zinazoonekana pale leo, nyingi zina asili ya karne ya 18 na 19. Njoo tuingie mojawapo, pole pole, hatua kwa hatua.

Kwanza unakutana na daka. Hili ni kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta mbele ya mlango, kina kivuli, na kila upande kina kikalio cha mawe kilichopakwa chokaa. Daka si njia wala si ndani, liko baina ya viwili hivyo. Muuza samaki hufika hapo. Jirani hukaa hapo baada ya Alasiri. Mwenye shida na mwenye nyumba humsubiri hapo bila kusimama juani. Nyumba haijafunguliwa bado, lakini wewe umeshakaribishwa.

Pili ni mlango wenyewe. Mlango wa kale wa pwani una mbao mbili, na katikati yake pana mti uliosimama wima uitwao mfaa. Miimo na kizingiti cha juu huchongwa nakshi: maua, mnyororo, majani. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Kilwa na kuisifu milango ya mbao iliyochongwa kwa ufundi. Kwa hiyo sanaa hii ni kongwe, haikuanza na masultani wa Unguja kama wengi wetu tunavyodhani, ingawa ni kweli kwamba katika karne ya 19, biashara ilipopamba moto, ndipo milango mikubwa yenye misumari ya shaba ilipoenea Unguja, Mombasa na Lamu.

Kuna hesabu moja ndogo hapo ambayo mafundi wetu waliijua. Mlango wa ubao mmoja mpana, ukifunguka kwa ndani, unakula sakafu yote ya pale mbele. Ugawe mara mbili, na kila ubao unakwenda kulala upande wake ukutani. Sakafu inabaki huru. Kwa mgeni aliyekuja peke yake, ubao mmoja unatosha. Kwa harusi au jeneza, unafungua zote mbili.

Tatu, na hapa ndipo penye hekima kubwa, ni tekani. Ukivuka kizingiti huangukii ndani ya nyumba. Unaingia kijukumbi kidogo, na njia ya kuendelea mbele haikabili mlango wa nje, imepinda. Ndani yake pia huenda pana kikalio. Hata mlango wa nje ukiwa wazi kutwa nzima, mpita njia haoni kitu ila ukuta mweupe. Mwenye nyumba anapata upepo na mwangaza, na wenye kusitirika wanasitirika.

Nne ni kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kijukumbi chenye giza kidogo unapinda, na ghafla: mwanga, mbingu, na kuta nyeupe! Si kwamba kiwanda ni kikubwa. Ni kwamba umetoka penye kivuli na kubanana, ukatokea penye nuru. Macho yako yenyewe ndiyo yanayokuambia, hapa ni papana.

Kutoka hapo nyumba inaendelea kwa daraja. Kuna msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, kisha nyumba kati. Kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi. Nyumba nyingine zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni wa kiume ambacho hufikiwa bila kuwapitia watu wa nyumbani. Na baina ya nyumba na nyumba za jamaa, juu ya njia, pengine hujengwa wikio, daraja la kuwawezesha wanawake kuzuriana bila kushuka chini.

KWA NINI VYUMBA VILIKUWA VYEMBAMBA?

Pengine unauliza, hawa watu walikuwa matajiri, kwa nini wasijenge vyumba vipana? Jibu liko kwenye mikoko. Dari ya nyumba ya mawe ilibebwa na boriti, na boriti ni mti wa mkoko. Mti huo una nguvu sana, lakini urefu wake unaofaa kubeba dari nzito ya mawe na chokaa una mpaka. Ndiyo maana upana wa vyumba vya kale hauvuki sana mita 3. Hizo hizo boriti ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, kwa hivyo hata huko utakuta nyumba za kale zenye vyumba vya upana kama wetu.

Basi tajiri na fedha zake hakuweza kuupanua upana. Akafanya nini? Akafanya mengine manne.

Akainua dari juu, hewa moto ipande na jicho lipate pa kukimbilia. Akapaka kuta chokaa nyeupe, mwanga mdogo upigwe huku na huku mpaka uwe mwingi. Akachimba zidaka ndani ya unene wa ukuta, mahali pa kuweka vyombo, vitabu na taa, badala ya kusimamisha kabati sakafuni. Kuta hizo za matumbawe zilikuwa nene, kwa hiyo akautumia ule unene kama stoo. Katika chumba cha ndani, zidaka hizo zilijaa ukuta mzima kwa safu juu ya safu, na ukuta ukaonekana kama una kina nyuma yake. La nne, akaacha vitu vichache sana chini.

Ukifika Gedi, karibu na Watamu, utaona kwamba mawazo haya ni ya zamani zaidi ya Lamu ya leo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, ukamezwa na msitu, na James Kirkman akaanza kuuchimba mwaka 1948. Mwaka 2024 nao ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Nenda ukaangalie. Huingii chumbani moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye ua ulioshuka chini kidogo, mbele ya vyumba, ndipo unaposogea ndani. Daraja ni zile zile.

DINI ILIINGIAJE MLANGONI?

Ndugu msomaji, usidhani tekani ilikuwa ni fasheni tu. Watu hawa walikuwa Waislamu, na mlango katika Uislamu una hukumu zake.

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tubishe na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, turudi. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 61, tumeamrishwa kutoa salamu tunapoingia majumbani. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba kuomba ruhusa ni mara tatu, kama alivyopokea Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), usipojibiwa urudi. Na katika hadithi aliyoipokea Abdullah bin Busr (R.A.), iliyomo ndani ya Abu Dawud, tunajifunza kwamba Mtume (S.A.W.) alipokwenda mlangoni kwa watu hakuukabili mlango uso kwa uso, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto.

Sasa litazame daka tena. Vikalio viko wapi? Viko kulia na kushoto! Aliyekaa pale tayari ameshatekeleza adabu hiyo, hata kama hajui hadithi yenyewe. Na tekani ni nini kama si istidhani iliyojengwa kwa mawe? Fundi amelijenga jicho lisione kabla ya ruhusa.

Hata baraza ina sharti lake. Abu Said al-Khudri (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha maswahaba na kukaa njiani. Waliposema kwamba hawana budi na vikao vyao hivyo, akawaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kutoudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kijana unayekaa barazani na kumpigia mluzi binti wa watu, jua umeyavunja masharti ya kikao.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Historia si sifa tupu. Nyumba ile ya mawe ilikuwa ya waungwana. Wengi katika mji waliishi nyumba za udongo na makuti, na miongoni mwao, na ndani ya majumba hayo pia, walikuwako watumwa. Mlango ule mzuri ulimkaribisha mmoja na kumzuia mwingine, na mali iliyonunua nakshi za karne ya 19 haikuwa yote safi. Tukitamani madaka ya wazee wetu, tusitamani pamoja nayo kiburi cha nani akae juu na nani akae chini.

Na hili lina faida kwako, kwa sababu linaonyesha kwamba karibu si lazima ujenge kwa mawe. Nyumba ya udongo ya Mswahili nayo ilikuwa na baraza yake mbele, imekandikwa na kusawazishwa kwa mkono. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma. Ramani hiyo ndiyo iliyosafiri na watu mpaka bara. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenyeji wa Majengo wengi walijenga nyumba za namna hiyo hiyo: ukumbi wa kati, vyumba pande zote, mpangaji kwa mpangaji. Ukumbi ulikuwa mwembamba, familia zilikuwa nyingi, na pazia likafanya kazi ya tekani. Maskini alifanya kwa kitambaa kile alichofanya tajiri kwa matumbawe.

TULIPOTEZA LINI?

Hatukupoteza siku moja. Ardhi ilipanda bei, ploti ikagawanywa, nyumba ikawa fleti. Fleti ilichorwa na mtu aliyehesabu vyumba, na pale mlangoni hapahesabiwi kodi. Kwa hivyo mlango ukafungukia sebuleni moja kwa moja. Kisha kukaja wizi, na wizi ukaleta geti la chuma. Sisi wapangaji tukamalizia kazi kwa kuweka pale kila kitu kisichokuwa na mahali.

Na milango ya kale yenyewe mingi iliuzwa. Familia ina shida, mnunuzi ana noti mfukoni, na mlango wa babu unang'olewa na miimo yake. Jua basi kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Si bidhaa ya kumpa dalali ausafirishe nje hivi hivi. Kama kwenu upo, usikubali uondoke kimya kimya. Waulize watu wa makumbusho kwanza.

TURUDI MLANGONI KWAKO

Sasa tufanye kazi. Haya ndiyo tuliyoyafanya sisi katika zile hatua mbili kwa tatu, na kila moja limetoka katika historia uliyoisoma.

Kwanza, toa. Kabla hujanunua kitu, ondoa. Mtungi wa gesi, baiskeli na ndoo zikatafutiwa pengine. Hili si la uzuri tu. Fleti nyingi zina mlango mmoja, na usiku wa moto, Mungu apishe mbali, mlango huo ndio uhai wenu. Kuondoa cha kuudhi njiani ni katika imani, kwa mujibu wa hadithi ya Mtume (S.A.W.), na njia huanzia ndani mwako.

Pili, mlango ufunguke wote mpaka ukutani. Ukifunguka nusu, mgeni anahisi amekuja wakati mbaya.

Tatu, weka daka lako. Fundi seremala alitutengenezea kibao chembamba cha kukalia, kimo chake kama sentimita 45, upana 30, kikasimamishwa ubavuni na si mbele. Chini yake ndipo viatu hukaa, na kila mtu ana jozi moja tu pale. Nyingine ziko chumbani mwake. Mzee akija ana pa kukaa akavua viatu kwa heshima.

Nne, weka tekani yako. Sisi tulitundika pazia jepesi hatua moja na nusu kutoka mlangoni, halikuziba njia yote, limeacha nafasi upande mmoja ili anayeingia apinde. Zile kelele za "funga mlango" zimekwisha. Sasa mlango hukaa wazi jioni, upepo unapita, na dada zangu wana raha yao.

Tano, tumia ukuta, acha sakafu. Rafu mbili ndogo zimekuwa zidaka zetu: moja ya funguo na misahafu midogo, moja ya chetezo. Misumari mitatu ya kanzu na mabuibui. Basi.

Sita, rangi nyeupe na taa. Taa ya pale mlangoni ilikuwa imeungua siku nyingi na hakuna aliyejali. Tuliibadilisha, tukapaka ukuta, na pakazidi kuonekana papana bila kuongeza hata inchi moja.

Saba, mkeka. Uwe mnene na msafi. Mombasa ya mwaka 1331 ilikuwa nao, sisi tusiwe nao?

Gharama yote, ukiondoa ujira wa fundi, haikufika bei ya kochi moja la kukaa wawili.

Ramadhan iliyofuata nilimpelekea bibi habari, nikamwomba aje. Akaja, na mara hii nilimpokea chini kwenye ngazi nikambebea sahani. Akabisha hodi mlango ukiwa wazi, maana kwake adabu ni adabu. Akaketi pale kibaoni, akavua makubadhi yake taratibu, akatazama pazia, akatazama rafu. Nikangoja sifa. Akasema, "Hiki kibao ni chembamba, na pazia mmelitundika juu sana." Kisha akaingia ndani, akafuturu nasi, akaswali Magharibi nasi, na hakuondoka mpaka baada ya Tarawehe. Tangu siku hiyo jirani wa ghorofa ya nne naye hupita akakaa pale kibaoni dakika mbili kabla ya kumaliza ngazi. Miaka mitatu tulikuwa tukikutana naye hapo, na nilikuwa sijui jina lake.

Ndugu yangu, dada yangu, mwezi huu milango inabishwa kuliko mwezi mwingine wowote. Mtoto analeta sambusa, jirani anaazima tende, maskini anaomba. Mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata mfano wa ujira wake, na kumfuturisha kunaanza na kumfungulia. Leo baada ya Alasiri, kabla ya harakati za jikoni, simama nje ya mlango wako mwenyewe kama mgeni. Bisha hodi. Uangalie unachokiona mlango ukifunguka, na utajua pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe za salamu na sitara, atutakabalie swaumu zetu, na awarehemu wazee wetu waliotujengea baraza. Amin.

Wabillahi tawfiq.